Mahali Anapochuma Agota

Klaipėda, 19 Agosti

Mama mpendwa,

Ndani ya kifurushi hiki, chini ya kahawa na soksi, utakuta kidude cheusi chenye kamba. Usikitupe kwenye droo. Ni cha GPS: kinawasiliana na setilaiti, kisha simu yangu inanionyesha ulipo, nukta ndogo ya bluu juu ya ramani. Kivae shingoni kila unapoingia msituni. Ukianguka au ukipotea, bonyeza kile kitufe chekundu mpaka kitetemeke, nami nitapata habari. Jumapili ukirudi kanisani kiweke kwenye chaji, kama ile simu usiyoitumia.

Najua simu huisikii tena, ndiyo maana tunaandikiana kama watu wa zamani, na mimi barua zako nazipenda. Lakini barua haiwezi kuniambia kwamba umelala shimoni. Mwaka jana mzee Kazimieras alikwenda kuchuma uyoga wa njano karibu tu na barabara, na wakata miti wakaja kumkuta theluji ilipoyeyuka. Alikuwa na nguvu kukushinda, wala hakuwa na kizunguzungu kama chako. Tangu walipomzika, kila meli yetu ikitoka bandarini naanza kukuwaza. Jikoni melini nawakaangia samaki madereva wa malori tunaowavusha, roho iko huko kijijini Šilabalė.

Sikuombi uache msitu. Nakuomba nikuone tu.

Mwanao,
Vilija


Šilabalė, 27 Agosti

Vilija mwanangu,

Asifiwe Yesu Kristo. Mimi nipo, magoti yananiuma, mbuzi Barbora anatoa maziwa vizuri. Kifurushi kimefika. Mama wa posta alikileta mpaka ndani kwa sababu alitaka kuona kilichomo.

Basi umenifunga kengele kama ng'ombe. Haya. Nimekivaa. Kinanigonga kifuani nikiinama, na kuinama ndiyo kazi yenyewe. Kwa ajili yako nitavumilia, maana naona umeandika kwa hofu, mwandiko wote umelala upande.

Ila jambo moja. Hiyo ramani nani mwingine anaiona? Unajua ninachouliza. Mahali pale pa baravykai, uyoga ule mnene wa kofia ya kahawia, mama alinionyesha mimi tu, msimu wake wa mwisho, akaniapisha. Wewe mwanangu wa kuzaa sijakuonyesha, na zamu yako itafika nikiwa kitandani, si kabla. Mtu humwazima mwenzake jembe, humwazima ng'ombe, hata mume akitaka, lakini si mahali pake pa uyoga. Rožė, mdogo wangu wa tumbo moja, mwaka ule alipopaingilia na kufagia kila kitu mpaka vitoto vya uyoga, nilimwita mwizi mbele ya watu, langoni kwake, na hadi leo hatusalimiani, ingawa moshi wa jiko lake unaingia dirishani kwangu.

Niapie kwamba ni wewe peke yako.

Mama


Klaipėda, 4 Septemba

Mama mpendwa,

Ni mimi ninayekuangalia, nani mwingine? Madereva wa malori?

Lakini Jumanne nusura nife. Tulikuwa tumerudi bandarini, nikafungua simu, nikakuona umevuka kijito na kuingia ng'ambo ya kinamasi, kisha ukasimama. Nukta haisogei. Naivuta ramani, naikuza, nukta haisogei. Wenzangu wananiita tushushe masanduku ya viazi na mimi nimeshika simu kwa mikono miwili. Nilikuwa karibu kuwapigia askari wa mpaka wa huko kwenu, ndipo ukaanza tena kutembea. Kumbe ulikuwa unachuma.

Uliniambia unachuma nyuma ya makaburi! Huko ulikokwenda hata wawindaji hawaendi peke yao. Ila usijali kuhusu siri yako, sikuangalia vizuri. Mimi misonobari yote naiona sawa.

Vilija


Šilabalė, 10 Septemba

Vilija,

Leo bila salamu.

Jana nilikuwa kwenye foleni ya mkate. Rimas, mtoto wa Rožė, akaja akanipigia kelele sikioni, duka zima linasikia: "Mama mkubwa, wiki ile ulikwenda mbali sana! Ng'ambo ya kinamasi! Si ungeniambia nikusindikize?" Watu wote wakanigeukia. Mwenye duka aliacha kukata soseji.

Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha simu, mtoto wa watu, anatabasamu, anadhani atanifurahisha. Njia yangu yote ilikuwa imechorwa humo kwa rangi ya bluu, kutoka mlangoni kwangu mpaka pale pale.

Uliniandikia "nani mwingine". Sasa naona kwamba hukuapa. Nilikulea mwenyewe, nilipaswa kujua.

Umechukua mahali pa bibi yako ukapaweka mezani kwa Rožė. Nimekasirika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Futa njia zote, kwako na kwake. La sivyo kidude nakitumbukiza chooni, na wewe usiniandikie.

Agota, mama yako


Klaipėda, 15 Septemba

Mama,

Nimefuta. Rimas naye amefuta, nilimsimamia kwenye simu mpaka akamaliza. Njia hazihifadhiwi tena. Inaonekana nukta tu, pale ilipo saa hiyo.

Nimekosa. Nilikuficha kwa sababu nilijua utakataa. Lakini nisikilize. Katikati ya bahari simu yangu haishiki. Ukibonyeza kitufe wakati huo, nani atakuja? Nani hapo kijijini ana gari na miguu mizima? Ni Rimas tu. Aliniahidi kwamba mama mdogo haoni simu yake, na anasema mama mdogo hata kuuliza hajauliza.

Ulitaka ukweli, huu hapa: naogopa. Baba alipokufa nilikuwa baharini, nikafika jeneza limeshafungwa. Sitaki kukupoteza hivyo. Ukikivua, naacha kazi nakuja kukaa na wewe, na unajua kabisa tutauana kabla ya Krismasi.

Nakusihi, Mama.

Vilija


Šilabalė, 20 Septemba

Vilija mwanangu,

Asifiwe Yesu Kristo. Yameisha. Kazi usiache.

Kidude kinafanya kazi, kipo hapa uani wakati wote, utajionea mwenyewe. Magoti yamezidi. Siku hizi nakatakata matufaha ya kukausha. Barbora ni mzima, anajiona bibi arusi.

Kula vizuri, usikae na miguu iliyolowa.

Mama


Klaipėda, bandarini, 27 Septemba

Mama mpendwa,

Tunaondoka baada ya muda mfupi, nitaiacha barua hii kwa mlinzi wa geti aiposti.

Nimekuangalia sasa hivi: upo chini ya mti wa plamu. Jana pia ulikuwa hapo, ukaenda ukutani mwa banda, ukarudi kwenye plamu. Naona unazungukazunguka kunyoosha miguu. Hujui jinsi ninavyopumua. Redio imesema huko kwenu asubuhi kuna jalidi na kwamba mvua inakuja, nami nikasema, asante Mungu, mama yangu yuko karibu na jiko.

Najua ulijitoa kwa ajili yangu, maana huu ndio wakati wa baravykai na najua inavyokuuma kukaa. Sitasahau. Siku ya kuwakumbuka marehemu nitakuja tuwashe mishumaa makaburini, na nitakuletea ile jibini ya Uswidi unayoisema vibaya halafu unaimaliza.

Mwanao anayelala usingizi,
Vilija


Ujumbe wa simu, 28 Septemba

RIMAS: Dada Vilija, mbuzi wa mama mkubwa analia tangu alfajiri, hajakamuliwa. Nimegonga mlango, kimya. Wewe unamwona?

VILIJA: Ndiyo kwanza simu imeshika, tunakaribia nchi kavu. Namwona. Yuko chini ya plamu. Nenda upesi, labda ameanguka hapo.

RIMAS: Niko chini ya plamu.

VILIJA: Na?

RIMAS: Kuna mbuzi tu.

RIMAS: Kidude kiko shingoni mwa mbuzi. Amekishonea mfuko.

VILIJA: Tangu lini?

RIMAS: Sijui. Kamba imeshaacha alama kwenye manyoya. Nimevunja kitasa. Kitanda hakijalaliwa. Kikapu hakipo, buti hazipo.

VILIJA: Ameingia msituni jana. Amekaa huko tangu jana.

RIMAS: Askari wa mpaka wamefika na mbwa. Mvua imenyesha usiku kucha, mbwa hawashiki harufu. Wanauliza waanzie wapi. Ile njia ya siku ile unayo?

VILIJA: Niliifuta. Wewe je?

RIMAS: Si ulinisimamia nikafuta.

VILIJA: Ng'ambo ya kinamasi, Rimas. Zaidi ya hapo sikumbuki. Mungu wangu, nilimwambia sikuangalia vizuri na kweli sikuangalia.

RIMAS: Ng'ambo ya kinamasi ni msitu mpaka Belarusi.

RIMAS: Subiri. Mama ametoka na buti na fimbo. Anasema wamfuate.

VILIJA: Mama mdogo? Yeye anajua nini?

RIMAS: Hasemi. Ameshaondoka.


Šilabalė, 6 Oktoba

Vilija,

Pale hospitalini uliniuliza nilijuaje, nikajifanya natafuta leso. Mama yako alikuwa macho, na yule nesi anasikiliza mambo ya kila mtu. Sasa umerudi melini, nakujibu. Mimi si mtu wa kuandika, nivumilie.

Mahali pale mama yetu alinionyesha na mimi. Aliniapisha na mimi. Alituapisha kila mtu peke yake, ndivyo alivyokuwa, alipenda kila mtoto ajione ndiye pekee. Msimu ule baada ya kumzika nilibeba kikapu changu, nikijua hakuna mwingine duniani anayepajua. Sijafika nikasikia mtu analia kwa sauti. Alikuwa Agota, amepiga magoti chini ya misonobari, kisu mkononi. Mazikoni hakutoa hata chozi, na watu walimsema sana. Nikageuka polepole nikarudi. Tangu siku hiyo sijakanyaga pale. Nilisema ni pake, awe na mahali pa kulilia.

Kisha mwaka ule wakaja watu wa mjini na gari, wakafagia msitu. Naye akaja langoni kwangu. Ningemjibu nini? Kwamba napajua lakini sichumi? Nani angeamini? Tena ningelazimika kusema kwamba nilimwona analia, mbele ya watu wale wale waliomsema. Nikanyamaza. Baadaye na mimi nikakasirika, na hasira ukishaizoea ina joto lake.

Siku ile nilikwenda moja kwa moja, nyonga ikinipigia kelele. Sasa hapa utanilaumu, lakini sitakuficha. Tulipofika kijitoni niliwaambia askari wangoje, Rimas pia. Nikachukua filimbi yao, nikasema nikimpata nitapuliza. Kijana mmoja akaanza kubishana. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, hapa amri natoa mimi." Nilijua ni wazimu. Dada yangu huenda anakufa, na mimi naficha uyoga. Lakini miguu ilikataa kuwapeleka watu pale.

Nilimkuta, nikapuliza. Aliteleza kwenye mzizi, paja likavunjika. Midomo ilikuwa ya bluu, ila sauti anayo. Nilipomgeuza, unajua neno lake la kwanza? "Umekuja na nani?" Na la pili: "Wafunike." Anamaanisha uyoga. Basi nikawa natambaa na nyonga yangu mbovu, nafunika baravykai kwa majani makavu, yeye ananielekeza kwa kidole: "Na yule. Na yule pale, kipofu wewe." Huku nasikia askari wanavunja matawi wakija. Hayo ndiyo maongezi yetu ya kwanza baada ya miaka kumi na moja.

Hakuna aliyeona hata mmoja. Barua hii usimwonyeshe.

Mama yako mdogo,
Rožė


Hospitalini, 14 Oktoba

Rožė,

Asifiwe Yesu Kristo.

Barua yako nimeisoma. Vilija alikuja Jumapili, ilikuwa mfukoni mwa koti lake, na koti aliliweka kitandani kwangu. Mguu wangu umefungwa, mikono haijafungwa. Usimkasirikie.

Paja limetiwa vyuma. Kidude nakivaa hata hapa. Manesi walicheka, nikawaambia waniheshimu, kabla yangu kilivaliwa na mbuzi. Vilija hacheki. Anasema siku ile, kuanzia bandarini mpaka hapa, alikuwa akichagua nguo ya kunizikia. Sasa kila nikimwambia niko sawa, ananitazama kwanza machoni. Hilo nimejitakia.

Wewe nimekukasirikia zaidi. Bora ungechuma. Ungechuma, ningekuwa na haki. Nilipita langoni kwako miaka yote ile nimeinua pua, kumbe wewe ndani unajua kila kitu na umenyamaza. Ungenifuata hata mara moja ukanizaba kofi.

Nina swali, na sina mwingine wa kumuuliza. Masikio yangu yamekufa, lakini mtu akilala juu ya ardhi husikia kwa kifua. Nilisikia hatua zako. Ile nyonga yako, hatua moja nzito, moja nyepesi, nilijua ni wewe. Zikaja mpaka karibu, zikasimama. Zilisimama muda mrefu, Rožė. Nilikuwa nimelala kifudifudi, shingo haigeuki, sauti haitoki, nikangoja. Hukunigusa. Nikafikiri: anaamua. Nikafikiri pia: nilimwita mwizi, ana haki ya kuamua.

Kama ulikuwa unaamua, niambie. Sitakuchukia. Lakini bila kujua siwezi kurudi kuishi nikitazamana na dirisha lako.

Agota


Šilabalė, 17 Oktoba

Agota,

Mjinga wewe.

Nilikuona umelala uso chini, kilemba kimetoka kichwani, na nywele zako zote ni nyeupe. Sikujua kwamba zimekuwa nyeupe. Miaka yote nakuona kwa mbali na kilemba chako. Nikajua nimechelewa.

Filimbi ilikuwa mdomoni, sikuipuliza. Nilijiambia, nikimgusa nitamkuta wa baridi, basi nisimguse. Nikiendelea kusimama hapa bado nina dada. Nilikuwa nangoja siku zote uanze wewe kunisalimu, nikawa naona nina wakati, na pale nikaona wakati wenyewe nimeumaliza nikiwa nimekaa ndani kwangu, dirisha linatazama lako. Sikuwa naamua kitu. Nilikuwa naogopa.

Kisha ukakohoa.

Nikakutukana, Agota. Nilikutukana kwa sauti yangu yote, matusi yote ya baba na mengine ya kwangu, nalia kama mtoto, nakupapasa mgongo. Wewe hukusikia hata moja, kwa masikio yako hayo, ndiyo maana naandika.

Rožė